Kaharabu ya Bibi Zuhura

Taarifa ya kifo cha Maître Wilondja ilinifikia Bukavu asubuhi, nikiwa nasugua kipande cha kaharabu kwa chaki na kitambaa chenye maji. Mtoto wa dada yake ndiye aliyepiga simu. "Mama Apendeki, muzee ametuacha," akasema. "Kilio iko pale pale nyumbani, ku Baraka." Nilimshukuru, nikamwambia nakuja, kisha nikakaa na kile kipande mkononi mpaka maji yakakauka na chaki ikabaki juu yake kama unga. Maître alikuwa fundi aliyenifundisha kazi hii ninayoiishi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alinipigia simu kila Mwaka Mpya, nami nilimjibu kwa heshima zote, lakini sikuwahi tena kulala chini ya paa lake. Watu wanaopenda kazi zangu, hasa wale wanaoandika juu ya vito vya sanaa, huniuliza kwa nini karibu kila mkufu ninaoutengeneza una kikombe kimoja kitupu, mahali palipostahili jiwe. Nimejifunza jibu zuri la kuwapa. Nazungumzia waliopotea, nazungumzia nchi yetu, nao huandika. Jibu hilo ni la uongo. Kikombe kile kilianza katika mji wa Baraka, mwaka niliotimiza miaka ishirini, na aliyekiacha kitupu ni mimi.

Karakana ya Maître ilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka ziwani. Chumba cha mbele alikipangisha kwa Mama Sifa, mshonaji, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na mdomo usiofungwa. Ukuta uliotutenga naye ulikuwa wa mbao na haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila neno lililosemwa juu ya cherehani yake lilitufikia sisi pia, pamoja na ule mlio wa tik-tik-tik wa mguu wake. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya magogo. Mwanga uliingia kupitia karatasi ya plastiki ngumu iliyopigiliwa darini mahali pa bati moja, ukatufanya wote tuonekane wagonjwa kidogo, wa rangi ya ndizi iliyoiva. Saa sita mke wa Maître alituletea bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, tukala sahani moja, Maître katikati, mimi kushoto, Nakundwa, mwanafunzi mwenzangu, kulia. Maître alikula polepole sana, na kwa heshima tulilazimika kula kama yeye. Mpaka leo nikiwa na haraka nikashika tonge, mkono hupunguza mwendo wenyewe.

Kilichomlisha Maître kilikuwa pete za ndoa. Dhahabu ililetwa kutoka machimbo ya Misisi, naye aliiyeyusha, akaivuta, akaikunja, akawapa watu pete zao. Lakini alikuwa amesoma chuo cha sanaa Kinshasa alipokuwa kijana, na kutoka huko alirudi na wazo ambalo Baraka nzima ilimcheka kwa ajili yake: kwamba kito kinaweza kutengenezwa kwa kutu, kwa kamba ya wavu, kwa bati lililotobolewa na mvua, na bado kikawa kito. "Maître anafunga mabati mu shingo ya bantu," Mama Sifa aliwaambia wateja wake, nasi tulisikia, na Maître alisikia, akaendelea kupiga tupa. Katika vitu vyote alivyovifanyia kazi hakupenda kingine kama kaharabu. Alikuwa na mfuko mdogo wa sandarusi, utomvu mgumu wa miti ulioletwa na mfanyabiashara mmoja kutoka jimbo la Équateur, na hiyo ndiyo tuliyojifunzia. Kaharabu ya kweli alikuwa nayo vipande vitatu tu. Alitufundisha kutofautisha. Zote mbili ni utomvu, alisema, lakini moja ni mtoto na nyingine ni mzee wa mamilioni ya miaka. Ukidondosha dawa ya kutoa rangi ya kucha juu ya sandarusi, inanata kidoleni. Kaharabu hainati. Ukiisugua kwenye sufu, inavuta vipande vya karatasi. Na haina ubaridi wa jiwe. Ukiishika, unadhani kuna mtu aliyeishika kabla yako sasa hivi.

Nakundwa alinitangulia pale karakana kwa mwaka mmoja na umri kwa miaka miwili, kwa hiyo nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa kule juu milimani, watu wasemao Kinyarwanda. Yeye aliletwa Baraka kusoma, akakaa kwa pasta mmoja, na shule ilipokwisha akabaki kujifunza ufundi. Mimi ni Mubembe wa Fizi, mwenyeji wa huko. Miezi ya mwanzo jambo hilo halikuwa na uzito wowote mezani kwetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika tupa kwa vidole vitatu, badala ya kuikamata kama mwiko. Alikuwa na kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika, na akikosea alikuwa akijisema mwenyewe kwa lugha yao, neno moja fupi, kisha anaanza upya. Nilimpenda. Lazima niliandike hili kabla sijaendelea, kwa sababu yatakayofuata yatamfanya msomaji adhani sikumpenda.

Katikati ya kiangazi alikuja Bibi Zuhura, mjane wa kartie, yaani mtaa, ya Waislamu, na tasbihi ya marehemu mume wake imefungwa ndani ya leso. Kamba ilikuwa imekatika. Zilikuwa shanga thelathini na tatu za kaharabu, nene, nyingi zenye ukungu ndani kama chai iliyotiwa maziwa, zilizosuguliwa na vidole vya wanaume watatu wa ukoo ule mpaka zikawa laini kama sabuni. Maître alizimwaga juu ya kitambaa, akazigeuza moja moja kwa kidole.

"Niko na mabinti batatu," Bibi Zuhura alisema. "Moja iko Kigoma, moja Uvira, moja hapa. Baba yabo alizoea kusema hii ni ya bote. Sasa mi nataka uwafanyie kitu kila mutu avae. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja."

"Unataka mukufu?"

"Mi sijue. Wewe ndiyo unajua. Lakini usiikate."

Maître aliahidi mbele yetu kwamba hatakata hata ushanga mmoja. Siku zilizofuata alichora. Alitaka mikufu mitatu ya fedha isiyong'arishwa, kila ushanga ukae ndani ya kikombe chake, ushikwe na makucha manne, ili uweze kugeuka unaposhikwa kama ulivyogeuka kwenye vidole vya mzee. Vikombe alitugawia mimi na Nakundwa tuvitengeneze. Siku moja nilikuwa nje nikichota maji, nikamsikia akizungumza na mke wake mlangoni. "Nakundwa iko na mukono," alisema. "Ile mukono mi sikuwa nayo kwa umri yake. Apendeki iko na haraka." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema leo kuna upepo. Lakini nilisimama na ile ndoo mpaka maji yakanimwagikia miguuni, na tangu siku ile nilianza kuhesabu vikombe vya Nakundwa na vyangu, na kutazama vyake kwenye mwanga nitafute kosa. Havikuwa na kosa.

Nilikuwa nimemsikia Maître akieleza kwamba kaharabu yenye ukungu inaweza kusafishwa. Inawekwa ndani ya mafuta, inapashwa moto mdogo sana, siku nzima au zaidi, na kupozwa taratibu vilevile, mpaka inakuwa angavu kama asali. Wiki aliyosafiri kwenda Misisi kutafuta dhahabu, Nakundwa alikwenda mazoezi ya kwaya mchana mmoja, nami nikabaki peke yangu. Nilichukua ushanga mmoja, ule wenye ukungu kuliko yote. Nilitaka Maître arudi aukute unang'aa, aulize ni nani, nami niinamishe kichwa. Niliuweka kwenye sufuria ndogo ya mafuta juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ambayo sisi huyaita makala. Nilikaa hapo labda saa moja. Ukungu haukuondoka. Nikaongeza makala. Nikapuliza.

Ushanga ulilia mara moja tu, tak, mlio mdogo kuliko wa njugu inayovunjwa kwa meno. Nilipoutoa kwa kijiko ulikuwa vipande vinne na vumbi. Chumba kizima kilinuka utomvu, harufu nzuri kweli, kama kanisa la Kikatoliki siku ya sikukuu. Nilivifunga vile vipande kwenye karatasi, nikatembea mpaka ziwani kati ya wanawake waliokuwa wakifua, nikavitupa. Sufuria niliiacha nyuma ya nyumba, nikijiambia nitaiosha nikirudi. Niliporudi ilikuwa imeoshwa na imeinamishwa ukutani. Nilidhani ni mke wa Maître, na nilishukuru kwamba hakuniuliza.

Maître alirudi, akazihesabu shanga kama alivyozoea kila anapozitoa. Thelathini na mbili. Akahesabu tena. Akaangalia chini ya meza, akapepeta vumbi la sakafuni kwa mikono yake mwenyewe, mzee mzima akiwa amepiga magoti. Halafu akatutazama.

"Batoto yangu. Moja iko wapi?"

"Sijue, Maître," nilisema. Nilisema haraka.

Nakundwa alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama yeye. "Mi sikuikamata, Maître," alisema, na hakuongeza neno.

Katika mwaka mwingine mambo yangeishia hapo, kwa huzuni na lawama za nyumbani. Lakini wiki zile vita kati ya watu wa Nakundwa na watu wangu ilikuwa imewaka milimani, na kila upande ulikuwa na wafu wake. Familia zilikuwa zikiteremka barabarani na magodoro vichwani, nyingine zikitoka upande wa Lubondja, zikilala kwenye madarasa. Sokoni watu walikuwa wameanza kushusha sauti Nakundwa alipopita. Mama Sifa alimsikia Maître akitafuta, na kabla ya jua kuzama wateja wake wote walijua. Tulikuwa tumekaa mezani, mimi na Nakundwa, tukipiga msasa, na sauti ya Mama Sifa ilipita juu ya mbao bila kizuizi.

"Jiwe ya muislamu imepotea. Sasa mu ile nyumba iko nani? Maître haweze kujiiba. Apendeki ni mutoto wetu. Anabakia nani?"

"Eh, usiseme vile," mteja alisema, lakini kwa namna inayomwomba mtu aendelee.

"Mi sisemi kitu. Mi nauliza tu. Bale ba kule juu, unajua roho yabo?"

Nakundwa hakuacha kupiga msasa. Niliona kidole chake kimepita kwenye makucha ya kikombe na damu kidogo imetoka, naye anaendelea. Nilijiambia kwamba nitasema kesho. Kesho yake Bibi Zuhura mwenyewe alikuja, fimbo mkononi, akasema kwa sauti ambayo Mama Sifa asingeweza kuikosa: "Mi sitaki kesi. Mutu asisumbuliwe juu ya kitu ya bwana yangu. Mi nimeisamehe." Nilijiambia basi imekwisha, hakuna haja ya kusema. Siku ya tatu vijana watatu wa kartie walisimama mbele ya lango la pasta, wakauliza kwa adabu kama yule binti anaishi humo, na kama vitu vya watu vimeonekana. Walikuwa na adabu kweli. Pasta alisema adabu hiyo ndiyo iliyomtisha. Siku ya nne alikuja karakana, akazungumza na Maître nje. Nilisikia maneno "sitaweza kumulinda" na "boti ya Uvira". Maître alisema, "Mimi najua haikuwa yeye." Pasta akamwuliza, "Sasa ilikuwa nani?" Nikangoja jibu. Maître aliingia ndani, akachukua tupa yake.

Nakundwa aliondoka asubuhi ya siku ya tano. Alikuja kutuaga na begi moja. Alimrudishia Maître tupa aliyompa. Maître alikataa kuipokea, akaisukuma, naye akaiweka mezani. Mimi alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, wa moto, na aliushika wangu kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi, akinitazama, kama mtu aliyeuliza kitu na anasubiri. Nilisema, "Safari njema, Yaya." Basi. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa na ulimi, na hayo ndiyo niliyosema. Boti ilipowasha injini nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye meza.

Maître alimaliza mikufu. Kumi na moja, kumi na moja, na wa tatu kumi. Hakupunguza vikombe. Mkufu wa tatu aliuacha na kikombe kimoja kitupu, kile alichokitengeneza Nakundwa, makucha yake manne yakiwa wazi hewani. Bibi Zuhura alipokea miwili. Wa tatu aliurudisha. "Huu umefukuza mutoto ya bantu," alisema. "Binti yangu hataweza kuuvaa." Ndiyo maana mkufu ule ndio uliokuwa karakana mwisho wa mwaka, Maître alipoalikwa kupeleka kazi moja kwenye maonyesho ya vito Bukavu. Alinichukua twende pamoja, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi pekee aliyebaki.

Ukumbi ulikuwa mweupe, wenye taa nyingi, na watu walitembea wameshika glasi. Walisimama mbele ya mkufu wetu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Mwanamke mmoja mgeni, mwenye kusimamia maonyesho, aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alisema pengo lile ndilo kazi yenyewe. Alisema aliona ndani yake watoto waliokufa na vijiji vilivyochomwa. Akaniuliza mimi, kijana, kama ninaelewa ukubwa wa alichofanya mwalimu wangu. Nilisema naelewa. Maître alikuwa nyuma yangu, suti imembana mabegani, na aliposhinikizwa aeleze alisema kwa Kifaransa chake cha pole kwamba kuna jiwe lililopotea tu. Wote walitikisa vichwa kana kwamba amesema jambo zito. Mkufu haukurudi Baraka. Nasikia uko ndani ya kabati la kioo nchi ya mbali. Kwa sababu ya mkufu ule nilipata mahali pa kusoma, na baada ya hapo mahali pa kazi, na kila nilipokwenda walitaka kikombe kitupu, nami niliwatengenezea. Kuhusu Maître, sijui kama alijua. Hakuniuliza tena hata siku moja, na ndiyo sababu nilimkimbia.

Nilifika kilioni siku ya pili. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka kwenye bati la karakana mpaka ukuta wa jirani. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, bamama kwenye mikeka karibu na mlango, na kwenye kona Mama Sifa, mzee sasa, miguu imevimba, akiongoza wimbo. Nilikuwa sijamaliza kusalimia nilipomwona mwanamke mrefu amesimama peke yake karibu na majiko, bado na begi begani, kama mtu asiyejua kama amealikwa. Nywele zilikuwa na mvi. Nilimjua kwa mabega.

"Yaya Nakundwa."

"Apendeki." Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Umenenepa."

Aliniambia anaishi Bujumbura, anafundisha hesabu, ana watoto wanne. Habari ya kifo aliipata kwa binti wa pasta. Nilimwuliza kama bado anafanya ufundi. Akasema toka siku ile hakushika tena tupa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu miaka yote, lakini yalitoka vibaya, yamegongana, huku wapishi wakipita na masufuria kati yetu. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia mafuta, makala, ziwa.

"Mi najua," alisema.

"Unajua?"

"Ile siku kwaya ilikwisha mapema. Nilikuta sufuria nyuma ya nyumba. Ilinuka. Mu chini kulikuwa kipande kidogo, kama punje ya muchele." Alisogeza begi begani. "Nikaiosha. Nilifikiri mama wa nyumba asiione mbele ya wewe kusema. Nilifikiri utamuambia Maître wewe mwenyewe, atakasirika siku mbili, itaisha."

Mpishi alipita na sufuria, nikampisha.

"Nilikungoja siku ine, Apendeki. Hata pale kwa mulango, nilikuwa bado nakungoja."

"Juu ya nini hukusema?"

"Mi niseme? Ile wiki? Mi, nimushitaki mutoto ya Fizi?" Hakupandisha sauti. "Nani angenisikia?"

Nilianza kumwomba msamaha. Niliinama hata kushika miguu yake, naye akarudi nyuma hatua moja. "Usiniombe mi," alisema. "Mi nilijua toka zamani. Baambie bao." Na akaelekeza kidevu chake kule kwenye mikeka.

Nilikwenda nikasimama mbele ya bamama wale, wimbo ukaishia njiani. Nilitaja jina langu na la Maître. Nilisema mwaka ule ushanga wa Bibi Zuhura haukuibwa, niliupasua mimi kwa moto kwa sababu ya wivu, nikautupa ziwani, nikanyamaza mpaka mtu asiye na kosa akafukuzwa. Nilisema jina lake. Minong'ono ilianza. Mwanamume mmoja kwenye viti alisema leo si siku ya maneno yale. Mama Sifa alinikodolea macho, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno. Kisha alitazama nyuma yangu, akamwona Nakundwa, na akafunika uso kwa kitenge.

Nakundwa alipita karibu nami bila kunigusa. Alivua begi, akaliweka chini. Nilidhani atazungumza, na nadhani wote tulidhani hivyo. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Sasa muniache nimulilie Maître wangu." Akapiga magoti, na kilio kilichomtoka kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, kikimwita mzee yule kwa Kiswahili na kwa lugha yao. Bamama walisogea, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakampa nafasi katikati ya mkeka, mkono wa mtu ukamshika bega. Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyesogea kunipa nafasi.